Baba na Shati Lake la Mistari

Sisi tuliokulia Bangwe, kando ya ziwa, miaka ile ya ukimbizi hatuhitaji picha ili tukumbuke. Ikipita tu harufu ya dagaa walioanikwa mchangani, mtu mzima mwenye mvi anarudi kuwa mtoto mwenye magamba ya samaki miguuni. Tulicheza rede mpaka sauti zikakauka. Tuliogelea ziwani nguo zikiwa zimefichwa chini ya mawe, halafu tukashangaa mama zetu walijuaje, kumbe macho yetu yalikuwa mekundu kama pilipili. Tulikula ugali wa muhogo na maharage yaliyoungwa kwa mawese, na hakuna aliyeuliza kama kuna mchuzi mwingine. Watoto wa siku hizi ukiwapikia hivyo wanapiga kwanza picha, kisha wanasema hawana njaa.

Wenzetu wengi tuliotoka nao Burundi walipelekwa kambini. Sisi tulipokelewa na Shangazi Mwajuma, dada yake Baba, aliyekuwa ameolewa Bangwe zamani na kusilimu huko huko. Alitupa chumba cha uani, Baba, Mama, mimi na mdogo wangu. Kila asubuhi tulimsalimia kwa Kirundi, "Bwakeye, Shangazi," naye akatujibu kwa Kiswahili cha Ujiji ili tujifunze. Shuleni nilikuwa kichekesho. Nilipomwambia mwalimu kwamba mdogo wangu hajaja kwa kuwa "amerara," darasa zima lilianguka chini kwa kicheko, na kwa muhula mzima wakaniita Amerara.

Jambo lililotufanya wageni zaidi ya lugha lilikuwa dini yetu. Baba na Mama walibatizwa Bujumbura, mimi nikiwa mdogo, wakawa Wamormoni. Bangwe hakuna aliyejua hilo ni jambo gani. Tulikuwa na vitabu viwili vya Maandiko badala ya kimoja. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi tulifunga. Tulishiriki mkate na maji, hatukuonja pombe, na, kilichomuumiza Shangazi kuliko yote, hatukunywa chai. Alisimama mlangoni na birika lake la tangawizi akitutazama kwa huruma.

"Pombe nimeelewa," alimwambia Baba. "Hata sisi hatunywi. Lakini chai, Melkiori? Chai imemkosea nani?"

Baba alicheka. Yeye alikuwa mtu wa kucheka hata katika shida.

Tulisali mtaa wa Rusimbi, sebuleni kwa mzee mmoja Mrundi tuliyemwita Ndugu Severini, kwa maana kanisani kwetu watu wote ni ndugu na dada. Tulikuwa familia nane. Ndugu Severini ndiye aliyetuongoza. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sauti ya taratibu, na kila Jumapili alivaa shati jeupe lililopigwa pasi ya mkaa mpaka likasimama lenyewe. Watu wale walitupa sufuria yetu ya kwanza na mkeka wetu wa kwanza. Mama alipougua malaria, ni wake zao waliotuogesha sisi watoto. Nayasema haya mapema, ili mtu asije akadhani namsimulia mtu mbaya.

Jumapili yetu ya kwanza pale, Baba aliinuka kwenda mezani kusaidia kubariki mkate, kama alivyozoea kufanya Bujumbura. Alikuwa amevaa shati alilopewa na mume wa Shangazi, la mistari myekundu na ya buluu. Ndugu Severini akamshika mkono kwa upole.

"Ndugu Melkiori, meza ya Bwana ni shati jeupe."

"Sina, Ndugu."

"Basi subiri upate."

Baba akarudi kuketi. Nilimwona akivuta kola ya lile shati kama mtu anayejaribu kuificha shingoni. Mama aliangalia mguu wake. Mimi nilijua kwa nini.

Shati jeupe la Baba lilibaki njiani. Tulipokuwa tunakimbia kushuka kuelekea ziwani, Mama aliangukia jiwe na mguu wake ukapasuka kutoka goti mpaka karibu na kifundo. Baba alivua shati lile, la kubatiziwa na la kuolea, akalichana vipande kwa meno, akamfunga. Tulivuka mpaka yeye akiwa kifua wazi. Mama alibaki na kovu refu na Baba akabaki bila shati la kanisani, na hakuna hata siku moja aliyolalamikia mabadilishano hayo.

Jumapili zilizofuata Baba aliketi nyuma. Kisha tumbo likaanza kumuuma kila Jumapili asubuhi. Mwishowe hakutafuta tena ugonjwa. Alikwenda tu ufukweni kugeuza dagaa, kazi aliyoifanya siku nyingine zote, na sisi tukapanda kwenda Rusimbi bila yeye. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na jambo hilo lilinikereketa kama mwiba wa samaki mgebuka kooni.

"Mama," niliuliza tukitwanga isombe, majani ya muhogo, "shati jeupe limeandikwa wapi?"

Mama aliacha mchi hewani. "Mwana wanje, mwanangu, wale watu ndio ndugu tulionao. Usiwaulize maswali ya kutufukuzisha."

Nikamwendea Baba. Nilitaka akasirike ili nami nipate ruhusa ya kukasirika. Nikamwambia sitaki tena kwenda kanisani, wala kusali. Aliendelea kugeuza dagaa kwa fagio lake, akafika mwisho wa safu, akarudi.

"Espe," akasema, "usimnunie Mungu kwa sababu ya shati langu. Una swali? Vitabu viko ndani. Wewe unasoma vizuri kuliko mimi."

Vitabu vyetu vilikuwa kwa Kifaransa, na Kifaransa changu kilikuwa cha darasa la nne. Nilisoma kidole kikitembea juu ya kila neno. Nilisoma huku wenzangu wakicheza kombolela nje na kuniita jina lile la Amerara. Nilikuwa natafuta shati tu, lakini ukitafuta kitu kimoja ndani ya nyumba unaona na vingine vyote. Nilikuta watu waliokimbia makwao usiku na watoto mgongoni. Nilikuta watu waliovuka maji makubwa bila kujua wanakokwenda. Nilikuta waliofukuzwa mahali pa kusalia kwa sababu ya mavazi yao ya kimaskini, hapo nikafunga kitabu, nikatoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili kabla ya kurudi kuendelea. Malaika wenye mavazi meupe niliwakuta, tena wengi, lakini hakuna aliyekuwa anamega mkate. Shati la kubarikia mkate sikuliona. Nilichokiona ni kwamba Mungu wa vitabu vile anatujua sisi watu wa Bangwe. Tangu siku ile imani ikawa yangu. Kabla ya hapo nilikuwa nimeiazima kwa wazazi.

Ikafika Jumapili ya kufunga. Wenzangu mliowahi kufunga na kikundi chetu kile mnakumbuka mateso ya sebule ya Rusimbi: jirani alikaanga samaki saa ile ile ya ibada, kama aliyetumwa na shetani mwenyewe. Siku hiyo kwa desturi yetu kila mtu, hata mtoto, anaruhusiwa kusimama na kushuhudia. Nikasimama. Mama akanivuta gauni, akawa ameshachelewa.

"Nashuhudia kwamba Maandiko ni ya kweli," nikasema. "Nimeyasoma. Nilikuwa natafuta shati jeupe la kubarikia mkate. Sikuliona. Labda sijasoma vizuri, Kifaransa changu ni kidogo. La Baba lilifunga mguu wa Mama alipokuwa anatoka damu. Naomba anayejua imeandikwa wapi anioneshe, nikamwambie Baba, kwa sababu yuko ufukweni peke yake."

Hata jirani alinyamaza na kikaango chake, au ndivyo ninavyokumbuka.

"Nani amekutuma?" Ndugu Severini aliuliza.

"Hakuna."

"Keti, binti."

Nilikaa. Baada ya ibada wanawake walimuaga Mama kwa ncha za vidole. Mwanamume mmoja alitoka na familia yake akisema kanisa limegeuzwa darasa la watoto, na hakurudi tena. Mama alinitangulia njia nzima mpaka Bangwe. Alinipa chakula changu, akaketi kando yangu, akakunja kitenge chake mpaka kwenye goti na kuliangalia lile kovu kwa muda mrefu. "Kula," akasema. "Umefunga vizuri."

Wiki mbili zikapita. Asubuhi moja ya Jumanne, sikuenda shule kwa kuwa nilikuwa na kikohozi, nikawa namsaidia Baba kufukuza kunguru. Tulimwona Ndugu Severini akija ufukweni na koti kuukuu, kitabu kwapani, akikanyaga mchanga kwa tahadhari kama mtu anayeogopa kukanyaga dagaa wa watu. Akasalimia. Baba akajibu. Nikampa shikamoo, akaipokea bila kunitazama.

"Nimesoma," akamwambia Baba. "Kimoja mpaka mwisho, na cha pili nimekirudia. Halimo."

Baba aligeuza safu moja ya dagaa.

"Mimi nilivuka na shati langu kichwani, ndani ya mfuko wa nailoni," akaendelea, na sauti yake ile ya taratibu ikaanza kukatika. "Watoto wangu wawili sikuvuka nao. Nilifika upande huu nikiwa na shati tu. Kila Jumapili nikilivaa nasema, kanisa letu halijafa, kitu hiki kimebaki. Nikadhani na kwako ni vivyo hivyo. Sikuuliza lako lilikwenda wapi."

Baba aliweka fagio chini. Akamshika yule mzee mabega, wakasimama hivyo, na kunguru walikula dagaa wengi asubuhi ile kwa sababu hata mimi niliacha kuwafukuza.

"Jumapili uje ubariki mkate," Ndugu Severini alisema mwishowe.

"Kwa shati lipi?"

"Ulilonalo."

Kisha akanigeukia. "Nawe, swali lingine ukiwa nalo, uje kwangu kwanza. Moyo wangu umezeeka, hauwezi tena mambo ya kushtukizwa." Baba akaangua kicheko, na mzee naye akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona akicheka.

Jumapili ile Baba alipiga magoti mezani na mistari yake myekundu na ya buluu. Alisahau maneno mara moja, akaanza upya, na hakuna aliyehema mpaka alipomaliza. Ndugu Severini aliendelea kuvaa nyeupe mpaka alipofariki, na hakuna aliyemlaumu. Sisi tulijifunza kwamba desturi ya mtu inaweza kuwa kaburi la watoto wake, na unapoigusa uiguse taratibu. Lakini kuigusa inabidi. Mimi nimeendelea kuuliza maisha yangu yote. Mengine niliyoyakuta nimeyaacha, mengine nimeyashika kwa sababu zangu mwenyewe, na Maandiko sijayachoka.

Siku hizi mambo ni mepesi. Vijana wetu wana vitabu vyote ndani ya simu, kwa Kiswahili safi, wanatafuta neno na kulipata kabla hujamaliza kukohoa. Nawaonea wivu, na pia nawahurumia, maana anayepata neno moja kwa haraka hivyo hapitii yale mengine yote niliyoyapitia kwa kidole. Watu pia wamepungua kugombana uso kwa uso. Wanaandikiana kwenye kundi, anayekasirika anajitoa, na hakuna anayemfuata ufukweni.

Hata hivyo sijakata tamaa. Mwezi uliopita, katika darasa ninalofundisha watoto, binti mmoja wa miaka kumi na moja alinyoosha mkono. "Dada Espe, kwa nini wanawake hawabariki mkate? Imeandikwa wapi?" Wenzake wakamcheka. Mimi nilihisi moyo ukinidunda kama wa mtu aliyeitwa jina lake mahali pa ugenini.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Sogeza kiti chako hapa. Tuanze ukurasa wa kwanza."