Mshono wa Mwisho wa Digory Pascoe

Digory Pascoe alishona matanga ya manowari Marigold kwa miaka ishirini na miwili, na maiti zake pia. Mimi, Zebedee Oke, nilikuwa msaidizi wake tangu tulipong'oa nanga Plymouth, kwa hiyo asije mtu akanisimulia habari zake.

Baharia akifa hufungwa ndani ya turubai alilolalia, risasi mbili za mzinga miguuni, na mshona matanga hushona kuanzia miguu akipanda juu. Mshono wa mwisho hupita puani. Aliye hai atashtuka. Hannibal Rowe alishtuka, akatutukana matusi ya kila rangi, akaishi hadi akapata wajukuu, nasi hatukuchoka kumuuliza atavaa lini hereni yake ya pua.

Nahodha wetu, Wilmot Carne, alikuwa mkali, lakini aliwahi kumwepusha Digory na viboko kwa kosa ambalo, kusema kweli, alikuwa amelitenda. Tangu hapo Digory alimpenda kama baba mzazi. Homa ilipomwangusha Carne karibu na Jamaika, daktari, ambaye mwenyewe alikuwa akitetemeka, alimtupia jicho mara moja akasema amekwisha. Tukapewa kazi adhuhuri ileile, jua likiunguza sitaha.

Digory alishona vizuri kuliko siku zote. Alipofika usoni, sindano ikasimama.

"Siwezi, Zeb. Pua ya mzee wangu?"

"Toboa, ndugu yangu. Hapa hakuna cha nahodha wala mpishi."

"Wewe ungemtoboa baba yako?"

Akapitisha uzi kwenye turubai tupu, akafunga fundo. Ubao ukainuliwa, Carne akateleza majini.

Tulipozeeka tulipanga nyumba jirani huko Plymouth, na majuto, kama wasemavyo, ni mjukuu. Digory aliacha kula vizuri, akaacha kwenda kanisani. Kila Jumapili alikuja kwangu na swali lilelile.

"Zeb, wewe ndiye uliyemkunjia mikono kifuani. Ilikuwa ya baridi?"

"Baridi kama chuma, mzee. Kunywa bia yako."

Alipata nafuu ya wiki moja, kisha akarudi kuuliza tena. Nilimhurumia mpaka nikachukia Jumapili.

Mwaka jana alifariki kitandani mwake. Alikuwa ameniapisha, basi nikawaomba wanawake watoke chumbani, nikatunga uzi kwenye sindano yake ya zamani, nikaipitisha puani. Hakushtuka. Nililia hadi mke wangu akaingia kunishika.

Heri yeye, ameondoka na jibu langu. Mimi nimebaki na ile mikono ya Carne. Ilikuwa na joto, labda la jua lile, labda la homa, na nilimwona Digory akifunga fundo nisiseme neno.