Firigisi ya Baba Mkwe

Nakumbuka Jumamosi moja nilipompeleka paka wa watu uhamishoni kwa sababu ya firigisi. Unacheka, mwanangu, na ucheke tu, ingawa mimi mwenyewe nilichukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kucheka. Nilikuwa na umri kama wako, nimeolewa miezi minne, mwalimu mgeni hapa Eldoret, na tulikuwa tumepanga chumba na jikoni katika ploti ya milango minane. Babu yako alikuwa na redio, mimi nilikuwa na katoni mbili za vitabu, na hiyo ndiyo iliyokuwa mali yetu yote.

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa mama mzee, mjane, tuliyemwita Kogo, yaani bibi kwa Wakalenjin. Watoto wake walikuwa wametawanyika kwa kazi zao, akabaki na paka mmoja dume wa kijivu. Sisi wapangaji ndio tuliompa paka huyo jina la Diwani, kwa sababu kila saa ya chakula alipita mlango hadi mlango akisalimia wananchi, hasemi anataka nini lakini kila mtu anajua. Kogo alizungumza naye kutwa nzima. Asubuhi alimweleza habari za redio, na nikiwasikia kupitia ukutani nilikuwa naona haya kidogo, maana mimi na babu yako hatukuwa tukizungumza hata nusu ya hivyo.

Jumamosi hiyo baba mkwe alikuja kututembelea kwa mara ya kwanza kutoka Vihiga. Sasa wewe umekulia mjini, huenda hujui uzito wa jambo hili. Kwetu Waluhya, kuku akichinjwa kwa ajili ya mzee, firigisi ni yake. Haigawanywi wala haionjwi. Mke anayempakulia baba mkwe kuku bila firigisi amemtukana bila kufungua mdomo. Mama yangu alinifunza mambo mengi kabla sijaolewa, lakini hakuna alilolirudia kama hilo.

Babu yako akamchukua baba yake wakaenda kuutazama mji. Mimi nikabaki mlangoni na kuku juu ya makaa, na kitabu. Kilikuwa kitabu cha upelelezi nilichoazimwa na mwalimu mwenzangu, na zilibaki kurasa ishirini tu muuaji ajulikane. Kuku wa kienyeji, kama ujuavyo, huchemshwa kwanza. Alipoiva nikaepua vipande nikaviweka kwenye bakuli kando yangu vipoe, ndipo nivikaange, nami nikaendelea kusoma, mara moja moja nikionja kama chumvi imetosha.

Nilipoinua macho nikahesabu. Mapaja, mabawa, mgongo, shingo. Firigisi haikuwapo. Na hatua mbili mbele yangu Diwani alikuwa ameketi, anajilamba midomo.

Mwanangu, sikuuliza. Nilipiga kelele. "Paka ya Kogo imekula firigisi ya baba!" Milango ikafunguka. Mama wa mlango wa nne akasema hata yeye juzi alipoteza omena, wale dagaa wa ziwani. Mwingine akakumbuka maziwa. Baba Wanjiru, mwenye duka la mbele, mtu mwema asiyependa kuona mwanamke akilia, akaleta gunia. "Paka ikishajua kuiba haiachi," akasema. "Saa hii naenda Ainabkoi kuchukua viazi. Nitaiacha huko, ianze maisha mapya." Kogo alikuwa kanisani kwenye mkutano wa akina mama, na asiyekuwapo na lake halipo. Kabla ugali haujaiva, pikapu yake ilikuwa imeondoka na Diwani.

Baba mkwe alikula. Alitazama bakuli, akatazama tena, mume wangu akamweleza habari za paka, naye akasema "Haya," akachukua mgongo. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimejifunika uso kwa leso.

Baada ya kuosha vyombo nikakirudia kitabu changu, maana hata aibu haikunisahaulisha muuaji. Nikafungua nilipoishia. Kwenye pembe ya ukurasa kulikuwa na alama ya kidole gumba, ya mafuta. Ukurasa wa kabla yake pia. Na wa kabla yake. Kurasa sita nzima, na katikati ya kitabu, kwenye mshono, kipande kidogo cha firigisi, ile sehemu ngumu, kikiwa na alama za meno. Meno yangu. Nilikuwa nimeila karibu yote nikidhani naonja chumvi, macho yakiwa kwa muuaji, na ulimi haukunipa hata taarifa. Waliosema kikulacho ki nguoni mwako walikuwa wakinisema mimi.

Mara nikasikia sauti ya Kogo nje, amerudi. "Diwani. Diwani, kuja maziwa." Alizunguka ploti yote na kisahani mkononi, na hakuna mpangaji aliyetokeza kichwa, wale wale waliotoka mbio nilipopiga kelele. Mwishowe akabisha kwangu. "Mwalimu, hiyo paka yangu haionekani. Umeiona?"

Ningeweza kusema sijaiona. Neno lenyewe lilikuwa tayari mdomoni. Nikisema kweli, baba mkwe atajua kwamba mke wa mwanawe amekula firigisi yake, na Vihiga nzima itajua akifika. Nikisema uongo, mama huyu ataita jina hilo leo, kesho na keshokutwa, na nyumba yake haitakuwa na wa kumwitikia. Nikakitazama kile kisahani nikaanza kulia, nikayasema yote pale pale mlangoni, baba mkwe ameketi nyuma yangu anasikia.

 Baba mkwe akamgeukia mwanawe, kwa maana desturi yetu haimruhusu mzee kumkemea mke wa mwanawe ana kwa ana. "Mwambie mke wako firigisi nimekula nyingi, na nikiishi nitakula zingine," akasema. "Lakini muulize, mtu anasomaje kitabu kizima akitafuta muuaji ni nani, na kwa paka asitafute hata dakika moja?"  Nilitamani angenichapa.

Siku ya pili, baada ya ibada, Baba Wanjiru alinipeleka Ainabkoi. Tulimkuta Diwani kwenye banda la kuuzia maziwa, anapita kati ya mikebe akisalimia wateja, na ninaapa alikuwa ameshanenepa. Aliingia guniani kwa shingo upande. Kogo alimpokea mikononi, na nilipomsimulia tena zile kurasa za mafuta akacheka mpaka akashika mbavu. "Mimi nimekusamehe, Mwalimu," akaniambia. "Sasa enda uambie hao wengine."

Nikaenda mlango hadi mlango. Kwenye wa nne nikaambiwa nina roho nzuri sana, ninamfichia Kogo aibu. Kwenye wa sita nikakuta habari imeshakua, eti Diwani alikula kuku mzima na miguu yake. Niliwaonyesha kitabu, nikawaonyesha alama za meno. Walicheka, wakanipa chai, wakaitikia, "Sawa, Mwalimu." Jioni Diwani alipopita kusalimia, wakafunika sufuria. Wakafunika mwaka huo, wakafunika uliofuata, mpaka tulipohama. Paka yule alizeeka akiitwa mwizi, na mwizi mwenyewe akisalimiwa kwa heshima kila asubuhi akienda kufundisha.

Ndiyo sababu jana sikucheka ulipokuwa umekaa hapa na paka wangu watatu wamekulalia miguuni, ukinisomea kwenye simu kwamba yule mama wa mandazi wa hapa kona anakaanga kwa mafuta mabaya. Nilikuuliza ni nani aliyeyaona. Ukanijibu, "Lakini shosho, kila mtu ametuma." Watu hupenda kusema lisemwalo lipo. Mimi nimewahi kulisema, kwa sauti kubwa, na halikuwapo.

Kwa hivyo nakuusia, mwanangu. Habari ya kumchafua mtu usiipitishe kwa sababu imefika kwako. Nenda kwanza kwa mwenyewe. Mama wa mandazi hayuko mbali, yuko hatua hamsini kutoka lango letu. Muulize kwa adabu, na ununue manne tunywee chai. Na siku utakayokosea, kwa maana utakosea, usisubiri yapoe. Rudi mlango kwa mlango useme ni wewe, hata kama hawatakuamini. Neno haliwezi kurudi lenyewe. Hurudishwa na aliyelitoa, na hata hivyo halirudi lote.

Mungu akupe miguu myepesi ya kwenda kuuliza na ulimi mzito wa kusimulia. Akupe jirani wa kukutetea mahali ambapo hupo. Na jina lako, mwanangu, likae salama katika vinywa vya watu wasiokujua. Amina.