Barafu za Mgeni wa Anko

Anko wangu, mdogo wake baba, anataka kuoa. Msichana mwenyewe kwao ni Taita, anauza kwenye duka la dawa pale Kisii mjini, na Kiswahili chake kimenyooka hadi mtu unaogopa kumjibu. Mara ya kwanza alipoletwa kwetu Nyamira alipika chai ya watu wote. Magokoro, ndiyo nyanya yetu mzaa baba, akaitazama ile chai na kusema amefunga. Baadaye tukamkuta na kiazi kitamu mkononi. Akasema alikuwa amefunga chai peke yake.

Mgeni alipoondoka, Magokoro alimwambia anko jambo moja, na hakulirudia: yeye hawezi kupeleka ng'ombe wa mahari kwa watu ambao bado hajala kitu kutoka mkono wa binti yao. Yaani ndoa yote ya anko ilikuwa imekwama kwenye mdomo wa mwanamke mmoja mwenye meno sita.

Sasa shida ilikuwa hii. Kwetu, anayekupa kitu cha kunywa au kula hukionja kwanza mbele yako, uone hajaanguka kwa sumu, ndipo unapokea. Siku hizi watu wengi wameacha. Magokoro hajaacha. Hata uji wa mke wa mchungaji, mchungaji wa kanisa letu la Kisabato, haugusi kabla mwenyewe hajapiga funda moja. Sisi hatumfundishi mtu, tumezaliwa tukiona. Kama anko alimweleza mgeni wake, mimi sijui. Anko ni mtu wa kusahau hata zipu.

Mgeni alirudi mwisho wa kiangazi, wakati shule imefungwa kwa hafutamu, ile likizo fupi ya katikati ya muhula. Majani chai yalikuwa yamejikunja kwa jua na ng'ombe wetu amekauka maziwa. Lakini nyuma ya nyumba matunda yalikuwa yanatuchosha: pasheni zinaanguka zenyewe, na mkungu mzima wa ndizi umeamua kuiva siku moja. Mgeni akatazama zile ndizi, akatazama friji ya mama, akasema atatutengenezea barafu za kulamba.

Nilimshuku hapo hapo. Mtu anatafuta kukubaliwa na mama mkwe, badala ya kusonga ugali wa wimbi aonekane ana mikono, anatengeneza vitu vya watoto wa shule ya msingi? Huyo anaficha kitu. Magokoro naye aliwaza vivyo hivyo, kwa sababu aliniita kando na kunituma nikae jikoni niwe macho yake. Mimi kazi ya upelelezi sihitaji kubembelezwa.

Ilikuwa Ijumaa, na kazi ilipaswa kuisha kabla jua halijashuka, maana Sabato ikiingia kwetu hata kisu kinapumzika. Mgeni alikamua pasheni kwenye chujio la chai, akaponda ndizi kwa mwiko, akakoroga na sukari hadi ikawa uji mzito wa manjano. Nikamuuliza kama amewahi kupika kitu chochote chenye moto. Akasema ndiyo, na akanipa ndizi nimenye. Nikamuuliza kama anko amewahi kumwambia anakoroma. Akanipa nyingine.

Halafu akatazama mlangoni. Akaingiza mkono kwenye mkoba, akatoa bahasha ndogo ya kaki, zile za kutilia vidonge, na kumimina unga mweupe ndani ya uji. Akakoroga haraka. Akajaza vikombe vya plastiki, akasimamisha kijiko cha chai katikati ya kila kimoja, akaviweka kwenye friza na kwenda kunawa.

Nilibaki na sufuria. Mpelelezi mwenye akili angekimbia kuripoti. Mimi nililamba. Kisha nikakaa kwenye jiwe la kuoshea miguu nikingoja macho yaingie giza. Hayakuingia. Nikaona afadhali nimuulize mwenyewe, nikifa nife nikijua.

"Ile ya bahasha ni dawa?"

"Ni maziwa ya unga," akasema, sauti chini. "Anko wako aliniambia ng'ombe wenu amekauka. Ningeomba maziwa, mama yako angeenda kuhangaika kwa jirani."

Jibu zuri. Lilikuwa zuri mno, kama yale ninayompa mwalimu wa zamu. Nikalipeleka kwa Magokoro vile lilivyo. Akasema kwa Kikisii kwamba maziwa yasiyojua ng'ombe lazima yatoke duka la dawa.

Sabato, tuliporudi kutoka kanisani, kila mtu alikuwa ananuka vumbi na jasho. Mama akafungua friza, ule moshi wa baridi ukatoka, na Magokoro akauliza ni nani alikuwa anafanya kazi humo ndani tangu jana. Mama akajifanya anahesabu vikombe. Mgeni akachovya vikombe kwenye maji ya vuguvugu, barafu zikachomoka na vijiko vyake, akazipanga kwenye sinia. Akaja sebuleni, akapiga goti mbele ya Magokoro, akamnyooshea moja kwa mikono miwili.

"Karibu, mama."

Magokoro hakunyanyua mkono. Alikuwa anangoja. Anko alikohoa, akamkazia mgeni macho, lakini mgeni alikuwa ameinamisha kichwa kwa heshima, haoni. Nilikuwa karibu naye, ningeweza kumnong'oneza. Sikufanya hivyo. Nilijiambia, kama ndani kuna kitu, wacha tuone ataonja au ataogopa.

Tone la kwanza likaanguka kwenye kitambaa cha meza. La pili likaanza kuteremka kwenye kijiko kuelekea gauni la kanisani la Magokoro. Mgeni akashtuka, akairudisha ile barafu haraka na kuilamba upande mzima, kutoka chini hadi juu, kama mtoto. Kisha akagundua alichofanya. Sijawahi kuona mtu mweusi akiwa mwekundu vile.

"Nisamehe, mama, nimelamba yako. Nakuletea nyingine safi."

Magokoro akakishika kijiko kabla hakijaenda mbali. "Wewe unapeleka wapi?" akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii ni yangu."

Akaitia mdomoni. Uso wake wote ukajikunja, akashika shavu, jicho moja likajifumba. Anko aliinuka nusu, hajui akimbilie mama au mchumba. Hata mimi nilisahau kucheka. Magokoro akameza. Akapumzika. Akarudi tena, akaifyonza hadi kijiko kikang'aa.

"Ni mzuri," akasema. "Lakini baridi ni mingi. Kesho niletee ingine, isikuwe na baridi."

Baadaye, tukiwa jikoni tunarudisha vijiko, nilimuuliza mgeni kama alijua. Akasema, "Kujua nini?" na kuendelea kufuta kijiko, uso wake ule wa watu wa duka la dawa, ambao hata uwaambie ugonjwa gani hawashtuki. Nimemtazama sana tangu siku hiyo na sijapata jibu. Sebuleni Magokoro alikuwa anamuuliza anko kama Taita ni mbali kupita Nairobi, na kama ng'ombe hutapika kwenye lori.