Nozeli Iliyobaki Mkononi mwa Mama Mwende

Tanuri letu la vyungu hapa Kabiro ni la mtumba, na lilitengenezewa gesi ya bomba. Sisi tunatumia gesi ya mtungi, yenye nguvu zaidi, kwa hiyo nozeli yake, kile kipande kinachotoa gesi kwenye moto, lazima iwe na tundu dogo. Napenda kueleza, mnisamehe. Nilizipitisha darasani nozeli zote mbili, kuukuu yenye tundu kubwa na mpya yenye tundu dogo, kila mwanafunzi aguse. Kisha nikafunga moja tanurini, nikawasha.

Ndani kulikuwa na vikombe alivyofinyanga mwanafunzi wangu Mama Mwende kwa harusi ya bintiye, Jumamosi. Moto ukawa wa manjano, moshi mweusi ukajaa chumbani. Nilizima haraka. Nikalaumu mtungi, kisha upepo, nikifafanua kila jambo taratibu.

"Mwalimu," Mama Mwende akasema, "na hii nikurudishie lini?"

Akafungua kiganja. Ilikuwa nozeli mpya.

"Mbona hukusema, mama?"

"Ulikuwa unaeleza vizuri. Nikaona nisikukatize."

Darasa zima likacheka, naye akanipangusa masizi shavuni kwa ncha ya leso yake.

"Na vikombe vyangu?"

"Tukivichoma tena, masizi yatatoka," nikasema, na kwa mara ya kwanza sikuongeza neno.