Ngoma Zinazoshuka Kiooni

Ukipita Gihundwe, upande wa Rwanda wa mto Rusizi, mchana, nyuma ya saluni ya nywele iliyo kwenye njia ya hospitali, utasikia ngoma ya kanisa ikilia mahali pasipo na kanisa. Hapo ni chumba cha michezo cha Delphin Niyonsenga. Ndani mna televisheni, mabenchi, na seti ya ngoma za plastiki zilizopauka kwa kupigwa. Alama za rangi hushuka kwenye kioo kama mvua iliyopangwa mistari, na kila alama ikifika chini, mchezaji anagonga ngoma ya rangi ile. Akiwahi amekosa, na akichelewa amekosa. Nimeuona mchezo huu katika miji mingi, na kote watu hucheza nyimbo walizoletewa. Kwa Delphin watu hucheza nyimbo za jirani zao.

Delphin alikulia Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa wazazi Wanyarwanda waliorudi yeye akiwa kijana. Anahesabu kwa Kifaransa, anasali kwa Kinyarwanda, na akikasirika anarudi kwenye Kiswahili cha Kadutu, mtaa wake wa Bukavu. Aliponunua mchezo, ulikuja na muziki wa roki tupu. Vijana waliipiga kwa muda, wakachoka. Akaanza kupakua nyimbo mpya mtandaoni, ambako wachezaji wa nchi nyingine huziweka bure: rumba, dansi za Kampala, chochote chenye ngoma. Kisha likatoka toleo jipya la mchezo lililomruhusu mtu kuongeza ala yake mwenyewe. Hapo Delphin akamwita Mirindi, mpiga ngoma wa kwaya ya kanisa lao, akamrekodi pigo moja moja, katikati ya ngozi na pembeni. Jumapili moja akairekodi kwaya nzima, akakaa na wimbo ule akipanga alama kwa sikio. Alipomaliza, plastiki ikawa inalia kama ngozi, naye akauweka wimbo mtandaoni kama wenzake wa mbali.

Aliyeupenda wimbo ule kuliko wote ni Mutoni, msusi wa saluni ya mbele. Bibi yake alikuwa akimwambia kwamba zamani mwanamke hakugusa ngoma. Mutoni hakubishana naye. Kila mteja alipoondoka, alipita mlango wa nyuma, akashika vijiti, na punde hakukuwa na mtu wa kumfikia kwa pointi.

Mirindi akapata kazi Kigali, kwaya ikabaki na ngoma isiyo na mpigaji. Siku ya mazoezi Delphin akasimama mbele ya Mzee Habineza, mkubwa wa kwaya.

"Papa Habineza, niko na mupigaji."

"Nani?"

"Mutoni."

"Ule anasukaka bantu nywele?" Wanakwaya wakacheka. "Amejifunza kwa nani?"

"Kwa mashini yangu."

"Kwa mashini." Mzee alilirudia neno lile kama anayeonja chumvi. "Haya, alete mikono yake Jumamosi. Akishindwa, tutaimba bila ngoma mpaka Mirindi arudi."

Kila mtu alijua Mirindi harudi. Jumamosi Mutoni akaja amejifunga kitenge kiunoni, akasimama mbele ya ngoma ya ngozi bila kioo chochote cha kutazama.

Anayeanzisha nyimbo katika kwaya ile ni Maman Nzigire, mfanyabiashara wa Bukavu anayevuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita wateja kutoka upande wa pili wa barabara. Naye ana desturi yake. Neno la kwanza la wimbo hulishikilia huku akitembea polepole kutoka nafasi yake hadi mbele, akisalimia watu kwa macho. Mtu akichelewa kuingia, Nzigire hulivuta neno mpaka mtu huyo apate pa kukaa. Halina kipimo.

Nzigire akaanza. Alikuwa hajafika hata nusu ya njia, ngoma ikaingia kwa nguvu.

Akanyamaza, akageuka. "Weye! Mi niko njiani, weye umeshafika?"

Kicheko. Wakarudia, na Mutoni akaingia palepale pa kwanza. Mara ya tatu tena palepale, kama aliyekanyaga jiwe lilelile.

"Anapiga muzuri," akasema Mzee Habineza. "Lakini anamupigia nani? Jumamosi ijayo, mara ya mwisho."

Mutoni alirudi kwenye chumba cha michezo, akakaa kwenye benchi. Delphin akaufungua wimbo, akausikiliza macho yamefumbwa, na hapo akagundua kosa lake. Siku aliyorekodi, mvua ilikuwa inakuja, na Nzigire alikuwa ameacha sambaza zake zimeanikwa nje. Alilikata neno haraka. Mutoni alikuwa ameikariri Jumapili moja, nayo ilikuwa fupi kuliko zote.

"Basi rekodi ingine," akasema Mutoni.

"Nayo itakuwa Jumapili moja tu."

Mchezo ule una sehemu ya wanaoanza kujifunza, ambamo alama husimama hewani mpaka mtu agonge. Delphin akahangaika nayo hadi alama za mwanzo wa wimbo zikawa zinafunguliwa na pedali ya mguu ya seti ile peke yake. Kisha akamngoja Nzigire atoke sokoni.

"Maman, kaa hapa. Weka muguu hapa."

"Mi? Nikanyage kinga ya shetani?" Kinga ndiyo baiskeli kwao.

"Ukikanyaga, ngoma zinashuka. Usipokanyaga, Mutoni anangoja."

"Mpaka lini?"

"Mpaka weye utake."

Nzigire akaivua sandali. "Eh! Leo mashini yako imepata adabu."

Wiki ile alimtesa Mutoni kwa furaha. Aliimba neno, akalishikilia, akalikata katikati kuuliza kama saluni wanasuka hata watu wenye mvi, akalirudia. Vijiti vya Mutoni vilibaki hewani.

"Maman, mikono inauma!"

"Na mi miguu inauma tangu mpakani, nani aliniuliza?"

Siku ya mwisho Delphin alitupa kitenge juu ya televisheni. Mutoni akalazimika kumtazama Nzigire mwenyewe, na ndipo akaona kwamba kabla ya kukanyaga, bega lake la kushoto hushuka kidogo.

Jumamosi Nzigire alifika amechelewa, angali na harufu ya samaki. Akalishika neno la kwanza, akatembea. Akasimama kumtazama mtoto wa mtu, akaendelea, akafika mbele. Bega likashuka. Mutoni aliliona, lakini woga wa wiki iliyopita ulikuwa bado mikononi. Hakupiga. Neno likaisha, na Delphin akainamisha kichwa.

Nzigire hakugeuka. "Mutoni, binti yangu, tumefika."

Kwaya nzima ikaangua kicheko, na ngoma ikaingia ndani ya kicheko kile kile, mahali pake hasa. Wimbo ukaenda mpaka mwisho bila kuyumba.

Mzee Habineza alikuwa wa mwisho kuacha kucheka. "Kesho uje mapema, mbele ya bote," akamwambia Mutoni. "Hii ngozi inatakaka kuanikwa juani mbele ya misa ianze. Haiko plastiki."

Delphin aliuondoa mtandaoni wimbo wa kwanza, akauweka ule wa pedali. Siku chache baadaye mchezaji mmoja wa mbali aliyeupakua akalalamika kwamba umeharibika: alama zinaning'inia tu, hazishuki. Delphin alimjibu kwa Kifaransa kwamba haujaharibika, atafute mtu wa pili wa kumwimbia.