Bolijointi Ilivunjika, Wakasema Ni Mdomo Wangu

Admin, nifichie jina na sura, maana mawifi zangu wote wamo humu na hawana dogo. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mama wa watoto wawili, nashona nguo hapa Picha ya Ndege, Kibaha. Naandika kwa mkono wa kushoto kwa sababu kidole cha mkono wa kulia mume wangu amekivunja. Pole zenu nitazipokea baadaye, kwanza nataka ushauri.

Tuna gari la zamani. Kwa wakwe zangu kule Masaki, Kisarawe, hilo ndilo gari la ukoo: harusi ni hilo, mgonjwa ni hilo, msiba ni hilo. Miezi michache iliyopita lilianza kugonga kwa mbele kila likiingia shimoni, na usukani ukawa unavuta kushoto. Tukalipeleka gereji. Fundi akaliinua kwa jeki, akashika tairi la kushoto juu na chini, akalitikisa. Likacheza kama jino bovu. Akamwambia mume wangu, "Kaka, bolijointi imekwisha. Hiki ndicho kifundo kinachoshika tairi. Kikichomoka, tairi linalala na gari linapinduka. Kulia nako kumeanza. Badilisha zote mbili."

Mume wangu akacheka. "We igongee tu." Wanaojua magari wananielewa: inapigwa nyundo kwenye kifuniko mpaka inabana, kelele zinaisha, ubovu unabaki pale pale. Yule fundi alikataa, tukaenda kwa mwingine akaitwanga. Kweli, gari likanyamaza. Mume wangu akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Siku chache baadaye ukaja msiba Masaki, amefariki kaka yake mama mkwe. Mama mkwe alikuwa kwetu, amekuja kliniki ya presha. Nampenda mama huyu, naomba mlijue hilo. Nilipojifungua mtoto wa pili nikaumwa hadi watu wakakata tamaa, yeye ndiye aliyeniogesha na kunilisha. Kwa hiyo nilipoona anapakiwa kwenye gari lile, nilichukua funguo nikazitia kwenye sidiria. Nikasema, "Mama apande basi. Gari hili halifiki Masaki."

Mume wangu alinizaba kofi mbele ya mama yake. Akanikunja mkono, nikasikia kidole changu kinavunjika, akazitoa funguo kifuani kwangu watu wakitazama. Mimi nami si wa kupigwa nikakaa chini nikalia. Nilichukua spana ya magurudumu nikapasua taa ya mbele, nikalitandika na boneti. Nikapiga kelele, Mungu anisamehe: "Nendeni! Tairi litachomoka na mtanikumbuka!" Mama mkwe alikuwa amekaa ndani anasema, "Jamani wanangu, tunakwenda kuzika." Wakaondoka.

Walipoiacha lami ya Kisarawe wakaingia barabara ya vumbi, kwenye mteremko, tairi la kushoto likalala. Gari likabiringika hadi kwenye mikorosho. Mume wangu alitoka na meno mawili pungufu. Mama mkwe alivunjika paja.

Mnadhani kuna aliyemtaja fundi wa nyundo? Msibani swali lilikuwa moja tu: nani alisema tairi litachomoka? Wifi yangu mkubwa alikuja na wenzake wawili wakanikuta nashona kwa tabu, kidole kimefungwa bandeji. "Mchawi mkubwa we! Umemla mjomba, sasa unamtaka na mama!" Wakanivuta nywele, wakanikanyaga tumbo, cherehani yangu wakaitupa barabarani. Nilimng'ata wifi mkono hadi nikaonja damu, na sijutii. Tangu hapo niko kwa dada yangu, hapa hapa Kibaha, na watoto wangu.

Juzi mume wangu amekuja na gari lile lile, limenyooshwa. Anasema wazee wamekaa kikao: paja la mama haliungi kwa sababu ya kauli yangu. Niende Masaki, nichukue maji mdomoni, nimtemee mguuni, ili kauli irudi. Nikamwambia akatemewe yeye na nyundo yake. Akanipa simu. Mama mkwe mwenyewe alikuwa anaongea huku analia. "Mwanangu, mimi sikuchukii. Njoo uniondolee kauli yako, silali kwa maumivu." Nikalia na mimi. Nikasema, "Nitakuja, Mama."

Lakini wazee wanataka nipande gari hilo hilo, mimi na watoto. Nikienda kwa basi nimekiri kwamba kuna kitu nimekiweka kwenye gari. Mume wangu alipoingia ndani kunywa maji, niliinama nikaliangalia. Kushoto ameweka bolijointi mpya. Kulia, ile aliyoambiwa aibadilishe, kifuniko kina alama mbichi za nyundo. Nikamwita nikamwonyesha. Safari hii hakunipiga. Alinisogelea sikioni akasema taratibu, "Umeanza tena? Sema neno lingine halafu litokee, nitakuchinja kwa mkono wangu."

Nikikataa kwenda, ameapa kuja na kaka zake kuwabeba watoto kwa nguvu, kwa gari hilo hilo. Dada anasema twende polisi. Nikimfungisha mwanawe, yule mama kitandani nitamtazama kwa macho gani? Nikisema gari ni bovu, mimi mchawi. Nikinyamaza, wanangu wamo ndani. Kuna saa hasira inanituma nilimwagie petroli liungue, tuone watasafiri na nini.

Nipeni la kufanya, ndugu zangu, na asitokee mtu wa kuniambia nivumilie. Safari ni Jumapili. Watoto wameshaambiwa wanakwenda kwa bibi, na tangu asubuhi wanagombania nani akae mbele na baba.