Bustani Iliyokabidhiwa Pamoja na Mtumwa Wake

Maji yamerudi katika bustani ya Keur Malal, na mimi, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, nimeshusha pumzi. Aliyeyarudisha ni mama mfagizi, Siga Sarr. Nawasikia watu wakisema ni halmashauri ya mji. Halmashauri ipi? Hiyo hiyo iliyoyafunga?

Siga ameifagia na kuimwagilia bustani ile tangu mimi nina nywele. Mshahara wake na maji vililipwa na serikali kuu, Dakar, mpaka ilipoamua kwamba bustani za miji ni mzigo wa miji yenyewe. Ikafanyika sherehe ya makabidhiano kwenye jua la utosi, viti vya plastiki na vipaza sauti tele. Mkubwa wa Dakar alihutubu weee! Kisha akasimama meya wetu, Hamady Kane, akamwona Siga mstari wa mbele na ufagio wake. Meya ni Mtukulori, Siga ni Mserere, na makabila hayo ni watani tangu zamani, kila upande humwita mwenzake mtumwa.

"Nimepokea miti, nimepokea mabomba," meya akasema, "na nimempokea huyu mtumwa wangu, Mserere, ambaye Dakar walikuwa wamenificha miaka yote!"

Umati ukaangua kicheko. Siga akapiga goti la mzaha. "Asante, bwana wangu. Jamani, wote mmesikia?"

Tulisikia, tukapiga makofi.

Mwezi ulipokwisha, mhazini wa mji alimwambia Siga kwamba miti imo katika makabidhiano, ila yeye hayumo. Fungu la kumlipa halipo, na la maji halipo pia. Bomba likafungwa. Majani yakaanza kunyauka, na Siga, ambaye sikuwahi kumwona akilia, akaketi kibarazani kwangu akalia. Nilimtukana meya matusi yote niliyonayo.

Siga akajifuta uso. "Hebu niambie, fundi, mtumwa hulishwa na nani?"

"Na bwana wake."

"Basi leo nakula kwa bwana wangu."

Akabisha hodi kwa meya saa ya chakula cha mchana, ufagio begani. Bakuli la wali wa samaki lilikuwa tayari mkekani. Kwetu anayekukuta unakula hafukuzwi, na katika utani anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Meya ikabidi acheke, asogee.

"Karibu, mtumwa. Ila usinimalizie samaki, nawajua Waserere."

"Na nyie nani asiyewajua? Mkianza kula, bakuli lenyewe linaomba msamaha."

Kesho yake akarudi, na keshokutwa yake. Kicheko cha meya kikawa kinapungua, cha mji kinaongezeka. Ijumaa Siga alikuta wageni, mhazini akiwemo. Akala taratibu upande wake wa bakuli, akanawa, akamgeukia meya.

"Bwana wangu, mimi nimeshiba. Ila miti nayo uliipokea mbele za watu, na ina kiu. Kesho niilete hapa, au utaipelekea maji?"

Mke wa meya ndiye aliyeanza kucheka. Meya akashika kichwa. "Mhazini! Mtafutie huyu mama fungu kabla hajanihamishia msitu ndani!"

"Lakini mheshimiwa, bajeti..."

"Kata kwenye fungu la sherehe! Vile viti na vipaza sauti, kata!"

Jumatatu bomba likafunguliwa, na jina la Siga likaingia kwenye orodha ya wafanyakazi wa mji. Niliposikia maji yakigonga ndoo, niliacha gauni la watu mashineni nikatoka nje kuyatazama. Nilifurahi mno.

Juzi meya alipita. "We mtumwa! Mbona siku hizi huji? Mke wangu bado anakuwekea nafasi kwenye bakuli."

Siga hakuacha kumwagilia. "Mtumwa nani? Kati yetu sisi wawili, nani anayemletea mwenzake fedha kila mwezi?"

Meya akashika kichwa, akaenda zake. Mimi nilicheka mpaka uzi ukakatika.